Kitu hakifuati kishale katika kihariri changu cha ramani

Fundi_Ilala: Ndugu zangu, ninatengeneza mchezo wa daladala unaopita katika mitaa ya Kariakoo, na kihariri cha ramani nimekiandika mwenyewe ili wenzangu wawili wapange vibanda na nguzo za umeme bila kugusa msimbo. Mtu akiburuta kitu kwa kipanya, katika kila fremu (picha moja ya skrini) ninachukua pikseli ambazo kipanya kimesogea, ninazizidisha kwa 0.01, kisha ninaongeza matokeo kwenye mahali kitu kilipo. Kamera ikiwa karibu, kibanda kinakimbia mbele ya kishale cha kipanya. Ikiwa mbali, kinabaki nyuma. Gridi ya 0.5 (inayolazimisha vitu vikae kwenye hatua za 0.5) ikiwashwa, ukiburuta polepole hakisogei kabisa. Jana mwenzangu alikaa jioni nzima akipanga meza za mama lishe, na inaniuma kumwona akirudia kazi ileile. Nibadilishe hiyo namba?

Bi_Msimbo: Kaka, hakuna namba itakayokufaa, kwa sababu pikseli moja haina urefu mmoja katika dunia ya mchezo, urefu huo hutegemea umbali wa kamera. Tupa mwale, yaani mstari wa kufikirika, kutoka kwenye kamera kupitia kishale, tafuta unapokutana na bapa (uso tambarare) la ardhi, na hiyo ndiyo sehemu ya kukiweka kitu. Kuhusu gridi, kipanya kikisogea pikseli 3 unapata 0.03, ambayo ikikadiriwa hadi hatua ya karibu ya gridi ya 0.5 inakuwa sifuri, na unaitupa kila fremu. Usikadirie hatua ya fremu moja. Kadiria mahali pa mwisho, ukihesabu tangu mburuto ulipoanza.

Fundi_Ilala: Nashukuru sana, dada. Gridi imetengemaa. Lakini sasa nikikishika kibanda kwenye kona, kinaruka hadi kitovu chake kikae chini ya kishale.

Mzee_wa_Mihimili: Hapo umesahau tofauti. Wakati wa kubofya, hifadhi umbali kati ya kitovu cha kitu na sehemu mwale ulipogusa bapa, kisha uujumlishe kwenye sehemu mpya mwale unapogusa, kila mara hadi kitufe kiachiwe. Bapa nalo lipite kwenye kimo kilekile ulichokishika, la sivyo kitu kirefu kama nguzo kitateleza. Jihadhari pia kamera inapolala karibu sambamba na ardhi, kwani mwale hukutana na bapa mbali mno na kibanda hupotea upeoni. Wekea umbali huo kikomo. Kisha wape wenzako njia ya kufunga mhimili, yaani kitu kisogee mwelekeo mmoja tu, kama ilivyo katika Blender (programu ya kuunda vitu vya 3D), ambako unabonyeza G halafu X na kitu kinasogea kwenye mhimili huo tu. Kwa kupanga meza kwenye mstari, mimi naona hilo lina faida kuliko gridi yenyewe.

Bi_Msimbo: Naongeza moja: mburuto mzima uhesabiwe kuwa tendo moja la kutendua (undo), si tendo kwa kila fremu.

Fundi_Ilala: Kibanda sasa kinakaa pale pale nilipokishika, hata kamera ikiwa juu ya paa la soko. Kesho asubuhi mwenzangu anaanza upya na meza zake, na kufunga mhimili nitakuwa nimekwisha kumwekea.