Gumzo la ukoo: nani kasema tuzime simu usiku?

Kikundi: Ukoo wa Bi Mwanakombo, Pangani
Jumatano, 15 Mei 2024

Saada: Assalam aleikum wote. Kwa ambao hamjapata habari, Zawadi kajifungua alfajiri ya jana, mtoto wa kiume, yeye na mtoto wote wazima alhamdulillah. Picha nimetuma toka saa mbili asubuhi inazunguka tu haipandi, neti bado mbovu.

Zuhura (Uingereza): Alhamdulillah!! Hongera sana dada Saada, mpe mkono Zawadi. Mungu amkuze.

Shangazi Mwajuma: Mashaallah mashaallah. Hongereni. Na jamani leo usiku tena msisahau ule ujumbe, nautuma tena kwa wasiouona:

_Imetumwa mara nyingi_
_TAHADHARI! Usiku wa leo kuanzia saa 6:30 hadi saa 9:30 miale mikali kutoka angani itapita karibu na dunia. Televisheni ya Singapore imetangaza. Zima simu yako, usilale nayo karibu, inaweza kuleta madhara makubwa mwilini. Watumie unaowapenda._

Abuu: Shangazi shikamoo. Naomba kwa heshima zote ujumbe huu ufutwe. Nasema hivo kwa sababu nna sababu, nipeni dakika nitafute pa kukaa niandike.

Shangazi Mwajuma: Marahaba mwanangu. Ufutwe kwa nini tena? Hata redioni wamesema jua limelipuka, na toka Jumapili intaneti imekufa, hamuoni wenyewe?

Saada: Abuu acha niseme mimi maana yaliyonipata mimi ndo nayajua. Jumatatu usiku Zawadi uchungu umemshika saa saba. Nampigia jirani wa bajaji, haipatikani. Nampigia mume wake yuko Muheza, haipatikani. Nampigia kaka Rashidi haipatikani, Bibi haipatikani, nyumba nne nimepiga zote haipatikani. Nikatoka na mwanangu tunatembea kwa tochi mpaka barabara kubwa, anasimama anashika ukuta, anatembea, anasimama, tumekaa pale nusu saa nzima mpaka ikapita gari ya samaki ndo wakatubeba. Asubuhi nauliza watu mlikuwa wapi, kila mmoja ananiambia tulizima simu kwa sababu ya miale. Mimi sina ugomvi na mtu lakini nlilia.

Rashidi: Dada nisamehe. Nilizima kweli. Nimeisoma humu humu nikaona isiwe tabu.

Shangazi Mwajuma: Ya Rabi. Mimi sikujua hayo Saada. Nilituma kwa mapenzi tu wallahi.

Abuu: Tunajua shangazi, na hakuna anayekulaumu, huu ujumbe una miaka unazunguka dunia nzima, ukitoka unarudi, wakati mwingine wanasema miale inatoka sayari ya Mars. Sasa nsikilizeni. Jua kulipuka ni kweli kabisa. Wiki hii limelipuka mara nyingi na jana limelipuka mlipuko mkubwa kuliko yote toka mzunguko huu wa jua wa kuchachamaa na kutulia uanze mwisho wa 2019, wataalamu wameupa X8.7. Hiyo herufi ni daraja, zinaenda A, B, C, M halafu X, na kila herufi ina nguvu mara kumi ya iliyo chini yake. Lakini angalieni saa. Jana ulilipuka saa 1:51 usiku kwa saa zetu, jua kwetu lilishazama, tumeshaswali magharibi. Mlipuko unatoa mwanga na eksirei, na hivyo vinakwenda mstari mnyoofu kama mwanga wowote, dakika nane vimefika duniani, vinapiga upande ulio mchana tu. Wenye mchana saa hiyo walikuwa Marekani. Sasa huyo anayetuambia saa sita na nusu mpaka saa tisa na nusu za usiku tuogope jua, jua saa hizo liko upande wa pili wa dunia, ardhi yote hii imetukinga.

Idi: Kaka Abuu na mimi Jumamosi nimeliona doa lenyewe kwenye jua, kwa ile miwani ya karatasi mliyokuja nayo mlipokwenda Rujewa kwenye kupatwa kwa jua 2016. Liko pembeni, jeusi kama alama ya wino, nikadhani miwani ina uchafu nikaigeuza, doa likabaki pale pale.

Mjomba Salim: Idi miwani hiyo ikiwa na mkwaruzo hata mmoja usiiguse tena, jicho halinunuliwi dukani.

Idi: Shikamoo mjomba. Haina mkwaruzo nimeimulika na tochi kwanza, lakini sawa sirudii bila kukuonesha.

Abuu: Umeliona hilo hilo Idi, hapo ndo panapolipuka. Linaitwa 3664, ni kundi la madoa, upana wake unapita dunia kumi na tano ukizipanga mstari. Na jua linajizungusha, sasa hivi limeshaligeuza mpaka ukingoni, ndo maana mlipuko wa jana hata lile vumbi lake halikulenga kwetu.

Zuhura (Uingereza): Vumbi gani tena? Maana Ijumaa usiku huku mbingu ilikuwa pinki! Sikuwaambia. Nilikuwa natupa taka saa tano usiku, nna ndala na khanga begani, naona majirani wote wako nje wameinua vichwa. Nikainua na mimi. Juu pale kama mtu kafungua mwavuli wa pinki na kijani, mistari inashuka pande zote, inafifia, inarudi. Kwa macho rangi ni hafifu, ukipiga picha ndo inawaka. Nna miaka 14 huku sijawahi kuona, watu wa huku wenyewe wanasema wanasafirigi mpaka Norwei kuona hicho kitu.

Abuu: Hiyo ndo aurora dada, na ndo nilikuwa nafika hapo. Jua likilipuka vinaweza kutoka vitu viwili. Cha kwanza ni mwanga, dakika nane. Cha pili, ndo hilo vumbi, ni wingu la chembechembe zenye umeme, mabilioni ya tani, limebeba usumaku wake, hilo linakuja taratibu zaidi, linaweza kuchukua saa kumi na tano na ushei mpaka siku tatu. Safari hii yalitoka mawingu kadhaa yamefuatana, mengine yakayakuta ya mbele njiani, yakaanza kufika Ijumaa tarehe 10 jioni kwa saa zetu, na usiku wake dhoruba, yaani mawingu hayo kuutikisa usumaku wa dunia, ikafika daraja la tano, ndo la mwisho, hakuna la sita. Mara ya mwisho kufika hapo ilikuwa Oktoba 2003. Usumaku wa dunia ndo unaolipokea hilo wingu, zile chembe zinashushwa kwenye ncha za dunia, zinagonga hewa ya juu kilomita mia na zaidi, hewa inawaka. Oksijeni inatoa kijani na nyekundu. Ijumaa nguvu ilizidi mpaka wameona watu wa Afrika Kusini.

Shangazi Mwajuma: Haya nimeelewa la usiku. Lakini intaneti? Mbona dhoruba Ijumaa, intaneti ikafa Jumapili? Si ndo hiyo siku tatu unayosema?

Abuu: Swali zuri shangazi na wengi wanafikiri hivo. Intaneti imekatika kwa sababu nyaya za baharini, EASSy na Seacom, zimepata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini Jumapili tarehe 12. Ni waya chini ya bahari. Nyaya zilizobaki ndo zimebeba mzigo wote, ndo maana picha ya mtoto inazunguka. Meli ya kurekebisha ikimaliza, intaneti itarudi.

Mjomba Salim: Niwape la kwangu mimi niliyekaa kwenye chumba cha redio cha meli miaka ishirini na mbili. Dhoruba ya jua mimi siihadithiwi. Mwaka 1989 mwezi wa tatu tunapita nje ya Socotra, mchana, niko hewani na Mombasa kwenye masafa mafupi, namsikia yule bwana vizuri kabisa ananisomea hali ya hewa, katikati ya neno kakatika. Sio mikwaruzo, ni kimya. Kimya cha kisima. Nikashika antena, nikashika fyuzi, naodha ananipigia kelele, kila kitu kizima. Baada ya dakika arobaini sauti ikaanza kurudi toka masafa ya juu, ya chini yakaja mwisho. Mzungu mmoja mkubwa wangu wa kazi akaniambia Salim usifungue mashine, ni jua. Ile redio wimbi linapanda angani linagonga tabaka la juu linarudi chini, ndo unaongea na mtu yuko mbali. Jua likilipuka zile eksirei zinatia umeme tabaka la chini yake, wimbi linamezwa kabla halijafika juu. Usiku haitokei kamwe, mchana tu. Toka siku ile redio ikifa kimya mchana natizama saa, nangoja, sishiki bisibisi.

Rashidi: Mjomba kumbe ndo maana! Mimi kwenye upimaji wa viwanja mashine ya GPS miezi ya Machi na Aprili, halafu tena Septemba na Oktoba, jua likishazama inaanza kucheza, nukta inaruka huku na huku, nimeshakata tamaa nafunga kazi saa kumi na mbili.

Abuu: Hiyo Rashidi ni ya kwetu hasa. Ikweta ya usumaku inapita Ethiopia, na ukanda huu wote wa pande zake mbili ile hewa yenye umeme angani jua likizama inachemka kama uji, inafanya mapovu, wimbi la setilaiti likipita humo linayumba. Miaka ambayo jua limechachamaa kama huu inazidi. Kwa hiyo kufunga kazi saa kumi na mbili umefanya sawa. Hii dhoruba ya juzi huko Marekani wakulima wa mahindi walikuwa katikati ya kupanda, matrekta yao yanaongozwa na GPS, yakapotea mistari wakabidi wasimamishe.

Juma fundi: Mimi wateja wangu toka juzi wananipigia, sola itaungua? Wengine wanauliza itachaji haraka? Nawajibu nini?

Abuu: Hapana kwa yote mawili. Mwanga wa jua unaofika kwenye paneli haubadiliki cha kuonekana. Na waya wa mita kumi toka bati mpaka betri ni mfupi mno, dhoruba haiupati. Inayopata tabu ni mirefu, mamia ya kilomita. Usumaku wa dunia ukitikiswa unazalisha umeme ardhini, na ule umeme unatafuta njia, ukikuta laini ndefu ya gridi unaingia. Mwezi ule ule anaousema mjomba, tarehe 13 Machi 1989, Quebec kule Canada gridi nzima ilianguka kwa dakika moja na nusu hivi, watu milioni sita gizani kwa muda wa saa tisa, na huko bado baridi. Laini zao zinatoka mabwawa ya kaskazini karibu kilomita elfu, na chini ni mwamba mgumu usiopitisha umeme vizuri, kwa hiyo umeme wote ukapanda kwenye waya. Sisi tulio karibu na ikweta nguvu hiyo inatufikia kidogo.

Mjomba Salim: Na mabomu je. Agosti 1972 vita ya Vietnam, Wamarekani wametega mabomu baharini yanayosikia usumaku wa meli. Tarehe 4 yakaanza kulipuka yenyewe, makumi kwa makumi, hakuna meli hata moja. Ilikuwa dhoruba ya jua. Mimi baharia habari hii iliponifika nilikaa nikaifikiria sana.

Zuhura (Uingereza): Subhanallah.

Idi: Mwalimu wetu alisema dhoruba kubwa kuliko zote zilizorekodiwa ni ya 1859.

Abuu: Ndio, 1 Septemba 1859. Muingereza mmoja Carrington alikuwa anachora madoa ya jua, akaona mwanga mweupe umewaka juu ya karatasi yake dakika chache ukazima. Haikupita siku nzima, saa kumi na saba na kitu tu, dhoruba ikafika. Watu wa telegrafu wakapigwa shoti mezani, na huko Boston wakachomoa betri wakaendelea kutumiana ujumbe kwa umeme uliotoka angani peke yake. Huku kwetu waya wa telegrafu kutoka Aden ulifika Zanzibar 1879, kwa hiyo sisi wala tusingejua. Leo ikija kama ile ingegusa kila mtu, setilaiti, gridi za nchi baridi, ndege, benki. Hata ndogo inaleta hasara, Februari 2022 kampuni ya SpaceX ilirusha setilaiti 49 za intaneti za Starlink, dhoruba ya kawaida tu ikapasha hewa ya juu ikavimba, ikazikamata, kama 40 zikaanguka zikaungua. Ndo maana kuna watu wanalitazama jua saa ishirini na nne, hapa Afrika kituo kiko Hermanus, Afrika Kusini. Ningependa tuwasikilize hao. Mwili wako shangazi umekingwa na hewa na usumaku wa dunia, na simu ya mkononi haivuti miale.

Saada: Na simu ikizimwa kuna mtu barabarani.

Shangazi Mwajuma: Nimefuta. Na kule kwenye kikundi cha kina mama wa maulidi nimeandika kuwa si kweli, nimetaja na habari ya Zawadi. Kuna wawili wananibishia, Abuu nitakupigia uwaeleze wewe.

Abuu: Piga tu shangazi. Na pole kwa yote.

Idi (naandika kwa niaba ya Bibi): Bibi anasema simu yake ilikuwa ndani ya sufuria, na sufuria ndani ya kabati, aliambiwa na jirani. Nimeitoa nimeiweka chaji. Anasema Saada umsamehe, na mtoto asipewe jina kabla hajamuona.

Saada: Bibi hana kosa. Mwambie jina linamngoja yeye.

Rashidi: Yangu iko wazi usiku na mchana, sauti juu.

Saada: Jirani wa bajaji nimekwenda kumueleza mwenyewe mlangoni, kawasha. Kesho Zawadi anarudi hospitali kuangaliwa presha, jirani kasema atakuwa hapa na bajaji saa moja kamili asubuhi. Atakayetaka kwenda naye aje mapema, nafasi ni mbili tu.