Wameng'oa nyaya zote za shaba ofisini kwa kutuambia faiba "haihitaji umeme". Tumedanganywa mchana kweupe

Wakuu, habari za jioni.

Nimevumilia miezi mitano, leo naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mimi ni fundi wa mtandao kwenye ofisi moja hapa Dar, jengo la ghorofa nne. Tangu saa mbili asubuhi napanda na kushuka ngazi, kila mlango naulizwa kwa nini simu ya mezani imekufa tena. Mradi huu sikuuchora mimi. Nilipoupinga kwa maandishi nikaambiwa naogopa teknolojia mpya.

Nianze na hilo, maana najua hata hapa kuna atakayesema hivyohivyo. Siogopi faiba, yaani uzi wa kioo unaobeba data kwa mwanga. Faiba ya kwenda kibanda cha walinzi getini niliiomba mimi mwenyewe. Kutoka jengoni hadi getini ni mita 180, na waya wa shaba wa mtandao mwisho wake ni mita 100. Tulikuwa tumetundika kiswichi cha mtandao katikati ndani ya boksi la plastiki, na kila masika radi zikianza lazima tuzike porti mbili tatu. Tulipovuta faiba isiyo na chuma ndani, radi ikakosa njia ya kupita, na hadi leo getini hakujaungua kitu. Pale faiba ni mahali pake, na mtu akija kuniambia turudishe shaba nitamkatalia.

Hasira yangu iko kwenye neno moja lililotumika kuuza mradi wa ndani ya jengo: "pasivu". Mtu wa mauzo alisimama mbele ya menejimenti akasema mtandao huu ni pasivu, kwa hiyo hauli umeme, hautaki swichi kila ghorofa, hautaki kiyoyozi kwenye vyumba vya raki, yale makabati ya swichi. Watu wakaandika kwenye madaftari yao. Jamani, pale kitu kisichotumia umeme ni kimoja tu, nacho ni splita, kijiboksi kinachogawa mwanga wa uzi mmoja uende kwenye nyuzi 32. Chini ya jengo kuna OLT, mashine kuu inayoongea na meza zote kwa mwanga, inakula umeme. Juu, kila meza ina kiboksi cha ONT kinachogeuza mwanga kuwa mtandao wa kompyuta na simu, nacho kinakula umeme. Tulikuwa na raki nne, kila moja na UPS yake, yaani betri ya akiba. Zimeondolewa, tukapewa viboksi 110 vilivyolala chini ya meza, kila kimoja na adapta yake imechomekwa kwenye soketi moja na birika la chai.

Waya wa shaba ulikuwa unabeba vitu viwili kwa pamoja, data na umeme. Huo umeme wa kwenye waya wa mtandao unaitwa PoE: ya mwaka 2003 ilitoa wati 15.4 kwa porti, ya 2009 ikafika wati 30, na ya 2018 imefika hadi wati 90. Ndiyo maana simu ya mezani, kamera na antena ya wifi vilikuwa havina adapta hata moja. Umeme ukikatika, UPS ya raki inashikilia, jenereta linawaka, aliyekuwa anaongea na mteja anaendelea kuongea. Kioo hakibebi umeme. Sasa hivi umeme ukikatika kwa sekunde 15 tu kabla jenereta halijashika, viboksi vyote 110 vinazima kwa mpigo, kisha vinaanza kuwaka upya na kujisajili upya kwenye OLT. Hapo hesabu dakika tatu au nne za ofisi nzima kukaa kimya. Jana imetokea mara tatu. Leo mara mbili kabla ya saa sita, na moja ilimkuta mkurugenzi akiwa kwenye kikao cha video na wafadhili.

Na hiyo ni siku umeme ukikatika. Siku umeme upo, dada wa usafi anachomoa adapta apate pa kuchomeka mashine ya kusugulia sakafu. Simlaumu hata kidogo, hakuna aliyemwambia kwamba kile kijiboksi ndicho mtandao wa watu wanne.

Kamera za juu ya paa ndizo zilizoniumiza zaidi. Mkandarasi aling'oa nyaya zake pamoja na nyingine, halafu ndipo akagundua kule juu hakuna soketi. Tukakaa siku tisa bila kamera. Mwisho wake tumevuta tena waya wa shaba, mpya, kwa hela mpya, kupita njia ileile ya zamani.

Sasa kasi. Waliyotuwekea ni GPON, aina ya mtandao wa faiba wa kugawana, nayo ina gigabiti 2.488 kwa sekunde kushuka na 1.244 kupanda, na hizo mnagawana nyote mlio kwenye splita moja. Nyumbani inafaa sana, kwa sababu nyumbani watu wanashusha. Ofisini kwetu watu wanapandisha. Idara ya michoro iko ghorofa ya tatu, faili moja la jengo linafika gigabaiti mbili, na kila wakibonyeza kuhifadhi linapanda kwenda kwenye seva. Wahasibu nao saa kumi wanafanya nakala ya akiba. Ghorofa ya tatu ina viboksi 31 kwenye porti moja ya OLT. Wakipandisha wote kwa pamoja kila kiboksi kinaambulia kama megabiti 40, na nyuma ya kiboksi kimoja kuna kompyuta nne. Zamani kila kompyuta ilikuwa na gigabiti yake hadi kwenye swichi, na seva ya michoro ilikuwa imechomekwa kwenye swichi hiyohiyo. Leo hata ukituma karatasi kwenye printa iliyo mita tatu kutoka mezani, data inashuka hadi chini kwenye OLT, inageuka, inapanda tena ghorofa ya tatu. Aina mpya zaidi, XGS-PON yenye gigabiti 10 kwenda na kurudi, ina kiwango rasmi tangu 2016. Niliitaja kwenye barua yangu. Jibu lilikuwa kwamba bei imeshakubaliwa.

Halafu kuna lile la Machi. Ghorofa ya tatu nzima ilizima saa tatu asubuhi. Umeme upo, OLT inawaka, uzi mkuu mzima. Kwenye mfumo huu viboksi vinatuma kwa zamu, kila kimoja kinawasha mwanga wake pale kinapopewa nafasi, halafu kinazima. Kimoja kikiharibika kikaacha mwanga unawaka muda wote, kinawafunika wenzake wote na OLT haisikii mtu. Ndicho kilichotokea. Ilibidi nipite meza kwa meza nikichomoa uzi mmoja mmoja, nimechomoa 23 kabla ya kukipata chenyewe. Saa sita unusu ndipo watu wakaanza kazi. Kwenye shaba kadi ya mtandao ya mtu mmoja ikifa, kwa kawaida anakaa bila mtandao yeye peke yake.

Na kazi yenyewe ilivyofanyika, wakuu, ni aibu. Wiki iliyopita nimeazima kipima mwanga kwa rafiki yangu, kwa gharama zangu, kwa sababu ofisi haikununuliwa hata kimoja. Hesabu ni rahisi. Nguvu ya mwanga inapimwa kwa dBm, na namba ikizidi kushuka chini ya sifuri mwanga unazidi kuwa hafifu. OLT inatoa kama +3 dBm. Splita ya 32 inakula desibeli 17 hivi. Konekta, vile vichwa vya kuunganishia uzi, zinakula kidogo, na uzi wenyewe ndani ya jengo haupunguzi kitu cha kusemwa. Mezani nilitegemea kukuta kama -16. Nimekuta meza kumi na moja ziko chini ya -25, mbili ziko -28, wakati mpokeaji wa aina hii anaanza kushindwa karibu na -27. Kwenye hizo mbili, desibeli 12 zilizopotea maana yake mwanga umepungua mara 16.

Umepotelea wapi? Nimefungua tranki, ule mfereji wa kupitishia nyaya, nikaona. Uzi umekunjwa kwenye kona kama kamba ya kuanikia nguo, ukakazwa na tai ya plastiki hadi umebonyea. Kuna uzi maalumu unaovumilia kukunjwa hadi nusu kipenyo cha milimita 7.5, wa kawaida unataka milimita 30. Kwenye mkataba umeandikwa ule unaovumilia. Uliopo kwenye tranki umeandikwa namba ya ule wa kawaida, nimepiga picha. Mahali pengine wamechomeka konekta ya bluu kwenye tundu la kijani. Ya kijani ncha yake imekatwa mshazari wa digrii 8, ya bluu haina mshazari, zikikutana panabaki mwanya na mwanga unapotea hapohapo. Hili ni somo la siku ya kwanza darasani! Na fundi wao mmoja nilimkuta anafuta ncha kwa shati lake, kisha akaisogeza jichoni aone kama "taa inawaka". Mwanga huu hauonekani kwa macho. Mdogo wangu, kama unasoma hapa, usirudie kufanya vile, tafuta kipima.

Nyaya za zamani zimeenda wapi? Tulikuwa na waya wa mtandao wa Cat6 uliowekwa 2017, shaba tupu, si ile ya aluminiamu iliyopakwa shaba. Jengo zima. Ziling'olewa Ijumaa na Jumamosi, zikapakiwa kwenye kenta, zikaondoka. Hakuna mzani, hakuna hati ya kutoka getini, hakuna risiti ya mauzo. Kila mtu mjini hapa anajua kilo ya shaba inauzwaje kwa wanunuzi wa chakavu, watu wanahatarisha maisha kuiba nyaya barabarani kwa ajili yake. Ile ilikuwa mali ya ofisi. Mzee wetu wa stoo, anayestaafu mwaka huu, alisimama pale getini akasema, "Usitupe mbachao kwa msala upitao." Wakamsogeza pembeni ili kenta lipite. Nilikuwepo, na sikufanya lolote zaidi ya kuandika namba ya gari.

Nilichokuwa nimeomba ni kitu kidogo sana: shaba ibaki darini miezi sita, faiba ijaribiwe ghorofa moja kwanza. Nyaya zilizolala juu ya jipsamu hazili chakula cha mtu.

La mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Nenosiri la OLT hatuna. Analo mkandarasi. Mfanyakazi akihama meza, tunampigia simu, anatuma ankara. Kiboksi kikifa, lazima kitoke kwake, kwa sababu nilijaribu cha kampuni nyingine, kikaonekana kwenye mfumo lakini simu zikakataa kabisa. Ramani ya splita hakuna. Uzi upi unaenda meza ipi hakuna anayejua, nimeanza kuandika lebo mwenyewe jioni jioni watu wakishaondoka. Tumenunua mtandao tusioweza hata kuufungua.

Jumatatu saa nne kuna kikao na mkandarasi, na safari hii nimeitwa. Ninakwenda kudai nenosiri na ramani, vipimo vya mwanga vya kila meza kwa karatasi iliyosainiwa, uzi wa kwenye mkataba na si ule waliotuwekea, na UPS za kila kundi la meza kwa gharama yao, kwa kuwa wao ndio waliotuambia umeme hauhitajiki. Idara ya michoro nataka irudishiwe swichi na shaba yake, faiba iishie kwenye raki ya ghorofa.

Wakuu ambao mmewahi kumnyang'anya mkandarasi OLT, mlianzia wapi? Kuna kifungu gani mlikitumia, au mliifuta yote mkasajili upya viboksi kimoja kimoja? Kama ni hilo la pili, niambieni ilichukua siku ngapi, maana wikiendi ninayo hii moja tu. Vipimo vya ghorofa ya tatu ninavyo vyote, nikifika nyumbani nitaviweka hapa chini pamoja na picha za tranki.