Tupeane uzoefu: mliouguza mgonjwa asiyeweza kujigeuza, godoro gani liliwasaidia?

Wakuu, baba alipata kiharusi, upande wa kulia wote haufanyi kazi. Ana siku tisa wodini juu ya godoro la sponji lililovikwa plastiki, limebonyea katikati kama sinia. Leo namuogesha nikakuta juu ya makalio, pale penye mfupa, pameiva weusi kuliko ngozi yake, pa moto na pagumu. Nesi kasema kidonda ndiyo kinaanza hivyo. Nitafute godoro la upepo?

Mama Watatu: Pole mdogo wangu. Tulilikodi kwa ajili ya mama mkwe, lile la mistari na mashine yake; mstari huu ukijaa, ule unanywea. Nikajua kazi imeisha, nikawa nalala usiku kucha. Wiki ya pili kisigino kikafunguka. Godoro halimgeuzi mtu! Tukarudi kwenye saa: kila baada ya saa mbili kushoto, chali, kulia. Mto chini ya vigimbi, visigino visiguse kitu.

Mtu wa Pwani: Umeme ulikatika usiku, asubuhi mzee kalalia chaga. Sasa la upepo linakaa juu ya la sponji. Pitisha kiganja chini ya hilo la upepo usawa wa makalio. Ukigusa mfupa wake, upepo hautoshi.

Nesi Mstaafu: Hapo palipobadilika rangi msipasugue, si kwa spiriti wala mafuta, mnazidi kuumiza nyama ya chini. Ile pete ya kukalia nayo acheni, inabana damu pande zote. Na msimburute kwa makwapa kumpandisha kwenye mto wake, ngozi inabaki shukani huku mfupa unakwenda. Khanga iliyokunjwa chini yake, watu wawili, mnyanyueni. (Sisi enzi zetu tulijaza glavu maji tukaweka chini ya visigino. Tulikosea.) Godoro la upepo litandikwe shuka moja tu, mkiweka blanketi, mpira na khanga tatu, mmerudi kwenye sponji. Akilowa, akaushwe hapohapo.

Mtu wa Pwani: Kumbe! Sisi tulitandika blanketi mbili, eti mashine inampiga baridi.

Mleta mada: Asanteni wazee wangu. Wodi ina godoro moja la upepo na lina mtu, tunauliza la kukodi. Wakati huo nimebandika karatasi ukutani, saa na ubavu. Saa nane nimemlaza kushoto. Saa kumi ni zamu ya shangazi.