Stadi za fleya zimekatika kwenye pikapu ya 1994, gundi gani inashika?

Kibati94:
Wakuu, habari za jioni. Fleya ya mbele kushoto ya pikapu yangu (ile plastiki inayozunguka tao la tairi) imeachia stadi tatu (bolti zisizo na kichwa). Ni stadi za M6 (kipenyo milimita 6), zimezamishwa kwenye plastiki tangu kiwandani, zinapita kwenye matundu ya fenda na kufungwa nati kwa ndani. Sasa pale zilipokuwa yamebaki mashimo. Swali ni moja tu: gundi gani inashika stadi kwenye plastiki? Nina safari Jumamosi, na nikifika spidi ya 80 inapigapiga kama bati la paa. Tafadhali, ushauri wa kununua fleya mpya sitaki.

SpanaKumi:
Gundi inategemea plastiki, mkuu. Geuza fleya uangalie upande wa ndani, utakuta herufi za aina ya plastiki zimebanwa kati ya mishale miwili: >PP<, >TPO<, >ABS< au mfano wa hizo. Zikiwa zimefutika, kata kipande cha ukubwa wa ukucha kwenye ukingo usioonekana, kitupie kwenye glasi ya maji. PP inaelea, ABS inazama. Ila PP iliyochanganywa na unga wa talki nayo huweza kuzama, kwa hiyo kikizama kichome kidogo nje penye hewa. PP inanuka mshumaa uliozimwa sasa hivi, ABS inatoa moshi mweusi wenye masizi.

TopeNaKutu:
Ng'oa fleya zote, ziba matundu kwa vizibo vya raba, umemaliza. Hiyo plastiki ni kitanda cha kutu. Tope linakaa kati yake na bati, halikauki, na raba ya ukingoni inasugua rangi hadi chuma. Umeangalia hali ya bati lenyewe?

Kibati94:
Bati zima, kuna kutu ya juu juu tu kwenye matundu mawili. Kung'oa sing'oi, gari litaonekana limenyolewa. Imeandikwa >PP+EPDM<. Epoksi ya mirija miwili ninayo tayari, na stadi moja nimeshaipachika jana usiku. Nataka tu kujua kama itatosha.

SpanaKumi:
Kumbe swali umeshalijibu mwenyewe jana usiku. Haitatosha. Hiyo ni PP iliyochanganywa na raba, na jamii ya PP haishikwi na epoksi ya kawaida, uso wake unaikataa kama jani la mgomba linavyokataa maji. Jaribu kuichokonoa kwa bisibisi, itatoka nzima na kuacha shimo safi kama hukuweka kitu.

Usizamishe bolti tupu. Kata kibati cha chuma kisichoshika kutu, unene milimita 1.5, upana 30 kwa 30. Toboa tundu la 6 katikati na matundu mengine nane ya milimita 4 kuzunguka. Pitisha bolti M6×25 (urefu milimita 25) yenye kichwa bapa, ichomelewe kwenye kibati isizunguke. Sasa pasha kibati kwa pasi ya kuchomea plastiki, kizame taratibu hadi plastiki ichomoze kwenye yale matundu manane, kisha funika juu kwa fimbo ya kuchomea ya PP. Plastiki ikishaganda ndani ya matundu hayo imekishika kibati kama misumari. Angalizo: fleya nyingi zina unene wa kama milimita 3. Ukizama zaidi ya nusu, upande wa nje patatokea alama inayong'aa na haifutiki.

Kama huna pasi: msasa namba 80, futa kwa spiriti, paka dawa ya kushikisha plastiki ya PP, acha ikauke, halafu gundi ya poliyurethani ya sehemu mbili iliyoandikwa kuwa ni ya plastiki hizo. Bado kibati chenye matundu kinahitajika.

ShangaziGia:
Mnakimbilia tiba. Mwanangu, stadi zilizokatika ni zipi katika ngapi, na zilikatikaje?

Kibati94:
Shikamoo shangazi. Ziko saba. Zilizokatika ni tatu za chini, nyuma ya tairi la mbele. Zilikatika tu zenyewe, gari la zamani.

ShangaziGia:
Marahaba. Uzee haukati tatu zilizopangana halafu ukaacha nne nzima. Umevaa tairi gani?

MzahaMtupu:
Funga kwa kamba za plastiki. Nne tu, nyeusi, useme ndiyo toleo la michezo.

ShangaziGia:
Kwa safari ya Jumamosi kamba si mzaha, zenye upana wa milimita 7 zitashika. Lakini ajibu kwanza.

Kibati94:
Sawa. Lilikuja na 265/70R16, mwezi uliopita nimeweka 285/75R16. Lakini hazigusi, nimeangalia gari likiwa limesimama. Na kuzirudisha sirudishi, nimeshazilipia.

SpanaKumi:
Hapo sasa. Ya kwanza ina kipenyo cha milimita 777, ya pili 834. Nusu ya tofauti ni 28, ndizo tairi ilizosogea kuelekea kila upande wa tao. Na ina upana wa 20 zaidi. Kuangalia gari likiwa limesimama usukani umenyooka hakukwambii kitu. Kata usukani wote kulia: nyuma ya tairi la kushoto inatoka nje, inakuja hapo hapo penye stadi zako tatu. Ongeza kishimo cha barabara, springi zinabonyea, tairi linaivuta fleya.

MzeeMsimamo:
Vijana mnaweka tairi za kuvukia mto kwenye gari la kwendea kazini. Breki umepima? Kilomita kwenye dashibodi umerekebisha? Ikisoma 100 unakwenda kama 107.

PimaKwanza:
Samahani wakuu, mimi naona hii ni chai. Tairi kubwa ziko pande zote mbili, mbona fleya ya kulia nzima? Pili, mleta uzi alinitumia ujumbe pembeni akiuliza spana ya 11 ya kuingia ndani ya fenda. Nati ya M6 ni spana ya 10. Mtu aliyeshika hizo nati kweli hawezi kukosea hapo. Huyu anatufanyia mtihani.

MzahaMtupu:
Nilijua. Safari ya Jumamosi haina jina la mji.

Kibati94:
Chai ya nini jamani. Nina hizo nati mkononi, spana ya 10 haiingii, ya 11 inakaa vizuri kabisa. Fleya ya kushoto niliwahi kuifungua kupaka rangi, nati za asili zikapotea, nikaweka nyingine za kwenye kopo. Zilikuwa zinaingia laini, halafu zikakaza.

SpanaKumi:
PimaKwanza, umemwita mwongo lakini umetufumbulia fumbo. Hizo si M6, ni nati za inchi: robo inchi, meno 20 kwa inchi. Ufunguo wake ni 7/16, yaani milimita 11.1, ndiyo maana ya 11 inakaa. Stadi ya M6 ina kipenyo cha 6 na hatua ya jino milimita 1, nati ile ni ya 6.35 na hatua ya 1.27. Inaingia mizunguko michache, inashika ncha za meno, inakwama, unadhani imekaza. Mtikisiko unailegeza, fleya inashuka, tairi linaikuta. Ya kulia ina nati zake za asili, haikushuka.

PimaKwanza:
Nimeelewa. Naomba radhi, mkuu Kibati. Basi ibadilishwe na zile nati nne zilizobaki, nazo ni za kopo.

ShangaziGia:
Na mkishabadilisha, msikaze kama bolti za tairi. Fleya ya mita moja ikitoka baridi ya asubuhi hadi jua la mchana, tuseme nyuzi 40 zaidi, PP inarefuka milimita 3 hadi 4. Bati halifiki hata 0.5. Tundu moja la katikati ndilo liwe la duara, mengine yawe marefu upande mmoja ili plastiki iteleze. Weka washa (kile kibati cha duara cha chini ya nati) pana ya milimita 25, nati yenye nailoni, kaza kwa mkono hadi washa ishike kisha robo mzunguko. Matundu yenye kutu yakwangue hadi chuma king'ae, paka praima ya epoksi na rangi, kavu kabisa ndipo ufunge.

Kibati94:
Nimeshika fleya kwa tepu ya karatasi, nikapaka chaki ukingo wa ndani, nikapandisha tairi la kushoto juu ya tofali, nikakata usukani wote kulia. Chaki imefutika sehemu ya kiganja kizima, kwenye hizo tatu. Tairi bado sibadilishi. Nimefikiria nitoboe moja kwa moja kutoka nje, bolti ipite plastiki na fenda, niachane na stadi za chini.

SpanaKumi:
Inawezekana, na ni imara kuliko gundi yoyote. M6×25 isiyoshika kutu, kichwa duara, washa ya nailoni chini ya kichwa isile plastiki. Tundu la plastiki milimita 8, la fenda 6.5. Lakini ukiacha tairi liguse, safari hii hakikatiki kistadi, inapasuka fleya nzima. Punguza ukingo wa ndani milimita 15 kwa msumeno, au ongeza washa kwenye bolti za kikomo cha usukani, pande zote mbili sawa. Gari litahitaji nafasi kubwa zaidi kugeuka.

Kibati94:
Nitakata ukingo. Hizo bolti za nje, nizipake nyeusi?

SpanaKumi:
Zisugue kwanza kwa msasa 240, rangi haishiki kwenye chuma laini. Vichwa tu. Meno usiyaguse.