Naomba ushauri: nimepewa kuandika wasifu wa mama, na mama hayumo katika nilichoandika

Mtoto wa Tatu

Wanajukwaa, nawasalimu. Mama yetu amefariki dunia wiki iliyopita akiwa na umri wa miaka 78, na familia imenikabidhi kazi ya kuandika wasifu wake utakaosomwa siku ya kumuaga. Nimepewa dakika sita. Nimekwisha kuandika rasimu mbili, na zote zinafanana na barua ya kuombea kazi: alizaliwa, alisoma, aliolewa, alijaliwa watoto wanne na wajukuu tisa, aliugua, akafariki. Hakuna neno la uongo ndani yake, lakini nikisoma simwoni mama.

Mambo mawili yananisumbua zaidi. Baba, aliyeishi naye miaka 52, hataki kuandika wala kusema. Kila nikimwuliza mama alikuwa mtu wa namna gani, hunijibu kwamba alikuwa mtu mwema, kisha hunyamaza. Halafu sisi ndugu tumegawanyika kuhusu miaka minne ya mwisho, ambayo mama alikuwa na ugonjwa wa Alzheimer hata akawa hakumbuki majina yetu. Dada yetu mkubwa anaona kuutaja ugonjwa ule ni kumvunjia mama heshima mbele ya watu. Kaka anaona kuuficha ni kuwafanya wajinga wote waliokuja kumjulia hali na kumwona kwa macho yao. Naombeni mawazo, hasa ya waliowahi kubeba kazi hii.

Mgane Mstaafu

Pole sana, mwanangu, na mtufikishie pole kwa mzee. Mimi nilimzika mke wangu, na nilikuwa kama baba yako hasa: watoto walinijia na daftari, wakaniuliza mama yao alikuwa mtu wa namna gani, nami sikuwa na la kusema. Swali hilo ni kubwa mno kwa mtu ambaye bado anausikia mlango na kudhani ni mkewe anayeingia. Kilichonifungua kinywa ni miwani yake. Binti yangu aliishika, akaniuliza kwa nini mkono mmoja wa miwani hiyo umefungwa uzi mweusi, na kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimezungumza saa nzima.

Kwa hiyo mwulize mzee vitu vidogo. Nani kati yao alikuwa akiamka kwanza? Waligombana mara nyingi kwa jambo gani? Mama alimwitaje walipokuwa wawili tu? Usikae mbele yake kama karani; kaa ubavuni, mpe picha au kitu cha mama akishike, na akinyamaza nawe unyamaze, usikimbilie kujaza ule ukimya. Jambo jingine, na hili nalisema kwa upendo: ninyi watoto mlimkuta njiani. Alikwisha kuwa msichana, na alikwisha kuwa mke, kabla hajawa mama wa yeyote kati yenu, na sehemu hiyo ya safari shahidi wake aliyebaki huenda ni mmoja tu.

Mhariri wa Usiku

Nakubaliana na mzee wetu hapo juu, nami naongeza ya kalamu. Dakika sita ni fupi kuliko unavyodhani, kwa sababu msomaji aliyefiwa husoma polepole na husimama kumeza mate. Usizidi maneno 550. Tarehe, shule na orodha ya watoto viwekwe katika aya moja, au viachwe katika karatasi ya ratiba watakayopewa watu, ili dakika zilizobaki ziwe za mama mwenyewe. Kisha pitia rasimu yako ukitafuta sifa kama vile mkarimu, mcha Mungu, mchapakazi na mlezi bora. Hizo kila mama husifiwa nazo, na ndiyo maana humwoni. Futa kila sifa na uandike tendo moja lililokufanya uiandike. Usipolikumbuka tendo lolote, sifa hiyo haikuwa yake, uliiazima.

Chapisha kwa herufi kubwa, weka namba za kurasa, na nakala ya pili aishike mtu mwingine aliye karibu, tayari kuendelea pale sauti ya msomaji itakapokatika.

Muuguzi wa Wazee

Kuhusu ugonjwa, mimi ningeutaja kwa jina lake, katika sentensi moja au mbili, kisha nikaendelea. Alzheimer ni ugonjwa wa ubongo kama moyo unavyopata ugonjwa wake. Hakuna aibu ndani yake. Hatari ni miaka minne kumeza miaka 74. Kumbuka pia kwamba kwa kawaida ugonjwa huu huanza kuondoa mambo ya karibuni, wakati ya zamani hudumu kwa muda mrefu zaidi, na mazoea ya mwili huweza kubaki hata majina yanapokwisha. Jiulizeni ni kipi kilibaki kwa mama yenu mpaka mwisho. Mara nyingi hapo ndipo mtu alipo.

Binti wa Kwanza

Naomba nipingane kidogo na wachangiaji waliotangulia. Mleta uzi, hukusema ni nani aliyemuuguza mama katika miaka hiyo minne. Kama ni dada yako mkubwa, basi yeye aliona mambo ambayo ninyi wengine mlisimuliwa kwa simu, na anapokataa ugonjwa kutajwa, huenda bado anamsitiri mama kama alivyomsitiri alipokuwa akimwogesha. Msilipigie kura jambo hili. Mpelekee sentensi yenyewe aisome, na apewe haki ya kubadili neno.

Fundi Picha

Poleni. Langu ni fupi, ila halisubiri: kama mama aliwahi kuwatumia ujumbe wa sauti, unakilini leo katika sehemu mbili tofauti kabla simu yake haijafutwa au laini kufungwa. Na mzee anapotaja majina ya watu walio katika picha za zamani, yaandikeni nyuma kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino, kwani wino huweza kupenya hadi mbele.

Mtoto wa Tatu

Nawashukuru nyote. Ni kweli, dada ndiye aliyemuuguza, na nimeona haya kwamba ilibidi nikumbushwe na mtu asiyetujua.

Jana nilikaa ubavuni mwa baba na kumpa picha moja ya zamani, mama akiwa amesimama kwenye ngazi. Baba aliitazama kwa muda mrefu, akasema: "Hapa alikuwa anahesabu." Kumbe mama alianguka ngazini gizani akiwa na mimba yake ya kwanza, yaani ya dada, na tangu siku ile hakupanda wala kushuka ngazi yoyote bila kuhesabu kwa sauti ya chini. Sisi tulikua tukidhani ni mchezo wa kutufundisha namba, na wajukuu wote tisa wamejifunza kuhesabu wakiwa wameshikwa mkono naye. Nilipomsimulia dada, aliinama, kisha akaniambia kwamba hata mwaka huu, mama alipokuwa hamtambui mtu yeyote nyumbani, dada akimshika mkono kushuka ngazi, mama alikuwa akihesabu mpaka kumi na moja bila kukosea.

Sentensi ya ugonjwa ameiandika yeye. Kaka anaona ni fupi mno, lakini ameikubali. Rasimu ya tatu inaanzia kwenye ngazi, ina maneno 540, na dada ameomba aisome mwenyewe. Nakala ya pili nitaishika mimi.