Koti la figa yangu linabanduka, na mama ataka masanamu yatoke kwenye zidaka. Nishaurini

MwanaAmu_Langoni

Assalam aleykum wanajamvi na habari zenu wote. Naandika usiku huu stima imepotea simu iko 20% kwa hivyo mkiona makosa mnisamehe.

Mimi niko Amu (Lamu), Langoni, nafanya kazi hoteli moja upande wa Shela. Tangu 2021 nakusanya figa (sanamu za watu) za 1/6, yaani moja ya sita ya mtu, zile za kama sentimita 30. Si midoli ya watoto hii, nguo zimeshonwa kwelikweli, viatu vina kamba, mikono inakuja jozi tano sita za kubadilisha, na uso umepakwa rangi mpaka unaona ndevu za siku mbili. Ninazo saba. Sivuti, sitafuni miraa, tipu za wageni zote zimeenda huko.

Nyumba yetu ni ya mawe, ya marehemu babu, na ndani kuna ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Kina nyanya waliweka vyombo vya Kichina, vyombo vikauzwa kimoja kimoja zidaka zikabaki tupu, mimi nikaona kumbe rafu ninazo bure. Kila figa ikaingia kwenye kidaka chake utadhani fundi alichukua kipimo. Nikatia na taa za kamba. Inapendeza wallahi.

Sasa juzi nilikuwa napangusa vumbi, nikamshika mkono huyu mwenye koti refu jeusi la ngozi, ile ngozi ikabaki kwenye kidole changu. Vipande vidogo vidogo kama masizi ya sufuria. Kuangalia kiwiko naona kitambaa cheupe cha ndani. Figa ya dola 260 hii, haijatimiza miaka mitatu, na sijawahi kuikunja vibaya.

La pili ni mama. Alikuwa amenyamaza muda mrefu, lakini hizi figa zangu mbili macho yake yanazunguka, unafungua kichwa unasogeza kwa kidole. Jumamosi nikamgeuza mmoja macho atazame mlangoni, nikaona kama anangoja mtu, nikaenda zangu kazini. Mama amekuja kuswali adhuhuri, kutoa salamu upande wa kulia anakutana na macho. Nimerudi jioni naambiwa, "Ndoo uyatoe masanamu yako, yananitolea mato." Na kwamba malaika hawaingii nyumba yenye masanamu. Sikuwa na la kumjibu.

La tatu, nina pri-oda, figa niliyoagiza kabla haijatoka. Dipoziti nimelipa dola 30, imebaki 255 na mwisho wa mwezi ndio huo, na nyinyi mnajua huku kusi ikiingia hoteli zinafunga, nusu mshahara mpaka Julai. Kaka yangu aniambia uza zote ununue injini ya boti. Nifanyeje? Koti linatengenezeka? Niuze? Niendelee?

Gede_Boy

Mzee mzima na midoli 😂😂 elfu thelathini na kitu kwa mtoto wa bandia asiyelia. Injini, kaka. Sikiliza ndugu yako.

MtuWaMaweni

@Gede_Boy umesema mdoli ukafikiri umetusi. Barbie yuko kwenye skeli hiyohiyo ya 1/6, na GI Joe wa Hasbro 1964 naye alikuwa hivyohivyo, inchi 12, ndiye aliyekifanya kipimo hiki kizoeleke. Mimi viti vya figa zangu ni vya Barbie, nanunua mtumba hapa Malindi mia mia. Kwa hivyo ndio, mdoli, haya endelea.

Sasa @MwanaAmu pole kwanza. Mimi nina figa 11 Malindi, mbili nilizipata kwa Mtaliano aliyekuwa anauza vitu vyake arudi kwao, kwa hivyo haya ya chumvi na joto nayajua. Hilo koti si ngozi. Ni kitambaa kilichopakwa plastiki juu, poliyurethani, na adui yake si kukunjwa peke yake, adui ni unyevu. Maji yaliyo hewani yanakata ile plastiki kidogokidogo, inapoteza mshikamano na kitambaa, halafu siku moja ukiigusa tu inakuja. Hata isipotoka kwenye boksi inaoza, huko polepole, huku kwetu mbio. Likishaanza kubanduka hakuna gundi wala rangi ya viatu itakayolirudisha. Usijaribu kulipaka mafuta utaharibu na mwili.

Na hizo zidaka, samahani kaka, ndio umezidi kuliua. Ukuta wa mawe na chokaa unanywa maji na kuyatoa, ndio maana nyumba zenu baridi. Umemweka figa ndani ya ukuta unaopumua. Una kile kipimo cha unyevu? Vinauzwa mia tano hivi. Weka kidakani usiku mmoja uniambie.

MwanaAmu_Langoni

Nilikopa kimoja kazini. Kidaka cha chini kabisa 84. Chumbani kwangu juu 76. Sijui ni nzuri au mbaya.

MtuWaMaweni

84!! Hapo unafuga uyoga. Ukiweza kushusha hadi 50 ni vizuri, 60 kwa huku kwetu nitakupongeza.

Kisauni_Kolekta

Rahisi tu, nunua yale maboksi ya plastiki ya kufunga kwa klipu, tia silika jeli (vile vipaketi vya kwenye boksi la viatu), funga kabisa usifungue. Zangu ziko hivyo mwaka wa nne hazina neno.

MtuWaMaweni

Hapo sikubaliani na wewe, na sababu nimeilipia. Silika sawa. Lakini sura na mikono ni PVC, plastiki laini, ina mafuta ndani yake ya kuilainisha, ukiifungia kwenye joto bila hewa yale mafuta yanatoka juu. Nilifungia mmoja miezi minane, kumtoa ananata kama halua, vumbi lote limemganda usoni. Nilimwosha kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo akarudi, ila moyo ulikuwa mkononi kwa sababu ya rangi ya nyusi.

Ninavyofanya sasa: kabati la kioo lenye mlango, silika chini kwenye kibakuli, mlango naufungua robo saa asubuhi kukiwa na jua, basi. Chukua silika ya punje za chungwa, zikigeuka kijani zimeshiba, unazikausha kwenye oveni ya moto mdogo unarudisha. Vile vipaketi vya viatu vingi vimeshakufa zamani, watu wanaweka tu kwa kujifariji.

Na yote yenye koti la ngozi feki ivue, au iweke mikono chini wima. Ukiisimamisha kama inapiga ngumi mwaka mzima kiwiko ndicho kitaanza kupasuka, si umeona chako? Betri za figa zenye taa toa, zile ndogo za saa, zikivuja zinakula chuma cha ndani. Na kama kuna nguo nyeusi imegusa mwili wenye rangi ya ngozi, zungushia nailoni nyembamba ya jikoni katikati, rangi isihamie.

Bi_Mkomani

Mwanangu mimi hayo ya plastiki siyajui, nimekuja kwa ajili ya mamako. Hukumu ya masanamu kamuulize shehe wako uso kwa uso, humu usipokee fatwa ya mtu asiyejulikana jina. Lakini tabia haihitaji fatwa. Ule ni ukumbi wa mamako na ndipo anaposwalia. Wewe umempangia watu saba ukutani tena mmoja umemgeuza macho amtazame! Hata ningekuwa mimi ningeruka sijda. Yahamishe chumbani kwako, ufunge mlango, umuombe radhi. Na zile taa za kamba ziache zidakani, atazipenda.

MwanaAmu_Langoni

Bi Mkomani nimekusikia. Wallahi sikukusudia.

Gede_Boy

Hapo kwa mama nimecheka mpaka nimeamsha watoto. Lakini Bi yuko sawa.

Kisauni_Kolekta

Kuhusu pri-oda, hizo dola 255 ndio za mwisho ama kuna usafiri? Manake wengi hapa hujidanganya. Dola 285 kwa jumla ni kama elfu 37. Ongeza usafiri wa boksi, na boksi la figa ni kubwa, wanatoza kwa ukubwa si kwa uzito tu. Ongeza ushuru. Halafu VAT 16%, na VAT yenyewe haipigwi kwenye bei ya figa pekee, inapigwa baada ya kujumlisha usafiri na ushuru. Ukifika mwisho uko juu ya elfu 50 kirahisi. Na wewe bado kuna Mokowe.

MwanaAmu_Langoni

Usinikumbushe Mokowe. La mwisho lilikuja kwa basi mpaka Mokowe, likapanda boti limefunikwa gunia, gatini nikampa mtu wa punda kwa sababu nilikuwa na mizigo ya hoteli pia. Punda akaona nafasi kwenye uchochoro akajikwaruza ukutani na boksi langu likiwa katikati. Figa ilikuwa salama, boksi likawa kama chapati. Na mnajua boksi likiharibika bei ya kuuza inashuka.

Huyu wa pri-oda naye ana koti refu. La ngozi. Nimeangalia maelezo.

MtuWaMaweni

Basi jibu si unalo. Unaweka elfu 50 kwenye koti ambalo kwa hewa ya Amu litaanza kumenyuka kabla hujalizoea. Kansel. Dola 30 zitauma wiki moja. Mimi sheria yangu tangu 2022, sinunui tena ngozi feki hata iwe nzuri vipi, na yale mavazi ya mpira ya kubana pia sigusi. Nanunua nguo za kitambaa, sare za jeshi, au zenye deraya ya plastiki ngumu. Wale wa DID wa Hong Kong wanatoa wanajeshi wa kihistoria, wengi wa nguo za kitambaa, ndio nawafuata. Hot Toys nao wana matoleo mengi ya deraya yenye vipande vya chuma, mazito hayo mkononi utapenda, ila kwa chumvi yetu uwe unapangusa kwa kitambaa kikavu.

Kuuza zote usiuze. Kipindi hiki ukiuza kwa haraka watu watakunusa kuwa una shida utapewa nusu. Uza mbili zilizo na boksi zima kama huna budi.

Kisauni_Kolekta

Na ukiona kwenye mtandao mtu anauza koti peke yake "orijino" kwa bei ya maji jihadhari, ni ngozi feki ileile ya kopi, utarudi hapa mwaka ujao na uzi huuhuu.

FundiKofia

Nimeletewa uzi huu na mpwa wangu. Mimi nashona kofia za viua (za kutarizi), niko Amu hapahapa, sikai kwenye mitandao sana. Swali langu ni moja, hilo koti urefu wake toka bega mpaka chini ni sentimita ngapi?

MwanaAmu_Langoni

Shikamoo fundi. Nimepima, 21. Bega kwa bega 7 na kidogo.

FundiKofia

Marahaba. Inawezekana. Ngozi ya kweli ya mbuzi ni nene kwa mtu mdogo kama huyo, atasimama kama amevaa godoro. Lakini kuna ngozi ya glavu za zamani, nyembamba sana, ninayo mabaki. Ikikosekana nitashona kwa pamba nyeusi iliyotiwa nta, kwa mbali huwezi kujua, na haitabanduka kwa sababu hakuna kilichopakwa juu. Tundu za kofia napiga ndogo kuliko vifungo vyako hivyo. Kinachonitia wasiwasi ni kola, na mkono utapitaje kwenye mkono wa koti.

MtuWaMaweni

Fundi, viganja vinatoka. Vimechomekwa kwenye pini. @MwanaAmu usivivute vikavu, pini itakatika ndani, pasha kwa draya ya nywele sekunde chache plastiki ilainike ndipo uvute taratibu. Na uliza fundi kama anapokea kazi za Malindi, nina makoti mawili yanalia.

MwanaAmu_Langoni

Wanajamvi nimerudi. Figa nimezitoa zote zidakani jana, ziko chumbani juu kwenye kabati la vioo la marehemu baba lililokuwa la vikombe, kipimo leo asubuhi 63 na silika ya siku moja tu. Mama nimemuomba radhi. Amenisamehe ila amesema nikifungua lile kabati nifunge na mlango wa chumba. Taa za kamba kazikataa, asema zaleta wadudu. Pri-oda nimekansel, dola 30 zimeenda na maji. Kaka bado ataka injini.

Fundi, lile koti la zamani limebaki kitambaa tu na vipande vya ngozi, nimeshaliweka kwenye mfuko wa taka, nikuletee figa bila koti ama?

FundiKofia

Litoe kwenye taka haraka! Usilitupe. Nataka kulifumua mshono kwa mshono nipate kipande cha kola na cha kwapa, hiyo ndiyo ramani yangu. Niletee na figa na viganja vyake mbalimbali kwenye karatasi. Uje baada ya alasiri, asubuhi macho yangu nayaweka kwa kofia ya bwana harusi.