Majukwaa ya udongo kwa kiwanja cha chuo: yanafaa Pemba?

Kijana_wa_Wete
Assalaam alaykum wakubwa. Nasoma ujenzi hapa Unguja, mwaka wa mwisho, kwetu Wete. Mradi wangu ni kuchora kiwanja cha chuo cha watu 3,000, chenye mpira na riadha. Mwalimu kanirejeshea mchoro mara mbili. Zege na nondo za majukwaa zimekula bajeti yote, hata vyoo havina fedha.

Nikaikumbuka skuli yetu. Kiwanja kilikuwa bondeni, sisi tukikaa kwenye mteremko, wakubwa juu chini ya mikarafuu, wadogo chini karibu na mstari. Hakuna aliyemziba mwenzake. Je, kuna chuo kilichowahi kujenga majukwaa kwa udongo? Nataka hoja ya kumpelekea mwalimu.

Fundi_Chake
Waalaykum salaam mwanangu. Kipo, tena kikubwa. Chuo cha Yale kule Marekani walichimba katikati, udongo ule ule wakaurundika kuzunguka shimo, na zege la ngazi wakalilaza juu ya tuta. Kwa hiyo sehemu ya kuchezea iko chini kuliko ardhi ya nje. Kilifunguliwa 1914, kikabeba zaidi ya watu 70,000, na kwa umbo lake kikaitwa bakuli: Yale Bowl. Ninachokipenda zaidi ni mahandaki 30 yanayopenya tuta. Mtu anaingia kwa chini anatokea katikati ya safu, hana haja ya kupanda mpaka juu ndipo ashuke.

Chuo cha Harvard, huko huko Marekani, walitangulia, 1903, kwa zege lenye nondo, umbo la herufi U. Miaka miwili baadaye mpira wao wa Kimarekani, ule wa kushika kwa mikono na kukumbana, ulikuwa unaua vijana, likaja wazo la kupanua kiwanja ili wachezaji wasibanane. Zege la Harvard halikuwa na pa kusogea. Mwaka 1906 wasimamizi wa mchezo wakabadilisha sheria badala yake, wakaruhusu kurusha mpira mbele. Basi amua vipimo vya kiwanja chako kabla hujagusa jukwaa.

Sasa maji. Nimesimamia kazi miaka 31 na nililoliona siku moja sijalisahau. Tulijenga ukuta wa mawe kushikilia udongo, mwenye kazi akakataa mabomba ya kutolea maji, akasema ni kupoteza fedha. Ukafika usiku mmoja wa masika. Asubuhi tukakuta mawe yamelala chini kwa safu zake, vile vile tulivyoyapanga, na maji bado yanachuruzika nyuma yake. Tuta lako lishindilie kwa tabaka nyembamba, nyuma ya kila ukuta mwaga changarawe, chini mtaro. Na bakuli likichimbwa, mvua yote inakwenda kiwanjani, kwa hiyo bonde lako liwe na mlango wa kutokea maji.

Mkimbiaji_Mkoani
Mimi naongea kuhusu riadha, maana huwa inasahauliwa. Njia ya mita 400 ina nyoofu mbili za mita 84.39, na nusu kipenyo cha kona ni mita 36.5. Kiwanja cha mita 105 kwa 68 kinaingia ndani yake, lakini kwenye kibendera cha kona inabaki kama mita 1 tu kufikia njia. Ukiweka njia 8 za wakimbiaji, mtazamaji wa mbele anakuwa mita 12 na zaidi kutoka mstari wa pembeni. Kwa hiyo usichore jukwaa pande zote. Weka tuta upande wenye kilima na upande wa mstari wa kumalizia, kwingine acha majani.

Fundi_Chake
Mkimbiaji kasema kweli. Niongeze kimoja: Mexico City, kiwanja cha chuo kikuu cha UNAM, 1952. Nacho ni matuta ya udongo, wakayavika mawe ya volkeno ya pale pale, na mchoraji Diego Rivera akapamba upande mmoja kwa mawe ya rangi. Olimpiki ya 1968 ilifunguliwa humo. Jiwe la kwenu usilidharau.

Kijana_wa_Wete
Ahsanteni sana. Ijumaa ijayo navuka kwenda Pemba. Nitaipima ile skuli kwa utepe na pima maji, kuanzia pale wadogo walipokuwa wakikaa. Mzee Fundi, tabaka moja ya kushindilia uniandikie sentimita ngapi?

Fundi_Chake
Sentimita 20, mwanangu, hata mashine ikiwa kubwa. Na bonde lenyewe liangalie siku ya mvua.